Mstari Mwekundu Juu ya Picha

Mji wa Rumonge umejengwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 75 kusini ya Bujumbura, na wenyeji wake wamezoea kuishi huku macho yakiwa ziwani. Usiku hutazama taa za wavuvi. Alfajiri hutazama ndagala zikianikwa. Na masika yanapokuwa mazito hutazama jinsi maji yanavyopanda. Mnamo Aprili 2024 maji hayo yalifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo kilichokaribia kile cha mwaka 1964 ambacho wazee wa pwani hiyo wangali wakikisimulia. Mitaa ya chini, Kanyenkoko ukiwa mmojawapo, iliingiwa na maji, na familia nyingi zikalazimika kuhama.

Katika siku kama hizo nyumba ya askari huwa na taabu yake ya pekee. Mwenye nyumba yuko kituoni katika mkoa mwingine, au yuko nje ya nchi kama wale walioanza kupelekwa Somalia Desemba 2007, na wengine waliotumwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mama watoto amebaki na nyumba, na watoto, na ziwa. Jambo ambalo zamani lingehitaji barua ya kurasa mbili na majuma kadhaa ya kungoja, leo hutendeka kwa kidole kimoja: mama hupiga picha ya ukuta, huchora juu yake mstari mwekundu mahali maji yalipofika, kisha huituma. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Au huonekana kuwa imekwisha. Na ichukuliwe kwamba picha ya namna hiyo imemfikia baba watoto huko aliko. Anauona ukuta wa nyumba yake, anauona mstari mwekundu ukipita chini kidogo ya dirisha. Anakumbuka kwamba wakati wa likizo walizungumza habari ya kujenga kizuizi cha matofali upande wa ziwani, na mara moja anaamini kwamba mkewe anamwonyesha kimo cha kizuizi hicho. Anatuma fedha za saruji. Lakini mama alikuwa akiomba nauli ya gari la kubebea vyombo na kodi ya chumba huko juu mlimani. Saruji inafika siku ambayo nyumba nzima haina mahali pakavu pa kuiweka.

Wala hakuna kati yao aliyefanya uzembe. Mama alichora kweli, na baba alitazama kwa makini. Kilichokosekana ni kwamba mstari ule haukuwa na maana moja iliyokubaliwa na pande zote mbili.

Uchoraji huu wa kidole umeenea upesi mno hata watu wamesahau kwamba ni mpya. Programu ya WhatsApp iliwaruhusu watumiaji wake kuchora na kuandika juu ya picha mwaka 2016 tu. Lakini wazo lenyewe lina umri wa utu uzima. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Marekani aitwaye Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT tasnifu yake juu ya Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta kwa kutumia kalamu ya mwanga. Kompyuta hiyo, TX-2, ilikuwa mtambo mkubwa wa maabara. Siku hizi mtoto wa Rumonge huchukua simu ya mama yake na kumchorea mjomba masharubu juu ya picha ya harusi, na adhabu anayoipata haihusiani kabisa na historia ya sayansi.

Kabla ya picha na kidole, watu wa nchi za maziwa makuu walikuwa na njia nyingine ya mkato, rahisi kuliko zote: kubipu, yaani kupiga simu na kuikata kabla haijapokewa. Haikuwa na gharama, na kwa hiyo ilikuwa mali ya kila mtu. Mtafiti Jonathan Donner aliichunguza desturi hiyo huko Rwanda, na mwaka 2007 akachapisha makala juu ya kanuni zake. Aligundua kwamba bipu ni za namna tatu. Ya kwanza husema, “Nipigie wewe.” Ya pili hubeba ujumbe ambao wawili waliupanga mapema. Ya tatu haina haja yoyote ila kumjulisha mwenzio kwamba unamkumbuka. Tena zilikuwapo adabu: mwenye uwezo ndiye hupiga simu, asiye na salio hubipu, na kijana anayemchumbia msichana asithubutu kumbipu, asije akaonekana fukara au bahili. Kanuni hiyo ya mwisho haikuhitaji kuandikwa na mtaalamu. Wasichana walikuwa wakiijua.

Namna ya pili ndiyo yenye faida kwa jambo linalozungumzwa hapa. Mchuuzi wa samaki aliyekubaliana na mvuvi kwamba mlio mmoja ni ndagala na milio miwili ni mukeke hubeba beseni linalofaa na kufika ufukweni kwa wakati. Mlio wenyewe hauna neno ndani yake. Neno limo katika mapatano. Yanapovunjika mapatano hayo, mathalani mtoto akiichezea simu na kuifanya ilie mara mbili, mchuuzi hushuka ufukweni kwa mukeke ambaye hakuvuliwa.

Basi mstari mwekundu ni ndugu wa bipu. Mume na mke ambao wataishi mbali kwa miezi wafanye vema kukaa pamoja jioni moja kabla ya safari na kukubaliana. Nyekundu iwe mahali maji yalipofika, wala isitumiwe kwa kazi nyingine. Buluu iwe kitu kinachotakiwa kujengwa au kununuliwa. Duara liwe kitu kilichoharibika. Kando ya kila mstari iandikwe tarehe, na pia saa ikiwa maji yangali yanapanda, kwa sababu picha hupelekwa kwa mjomba, naye huipeleka kwa shemeji, na baada ya juma moja humrudia baba kana kwamba ni habari ya leo. Na mwisho liwepo jibu. Mlio mmoja wa simu kutoka kwa baba waweza kuwa na maana ya “nimeiona na nimeielewa”, milio miwili, “sikuelewa, eleza kwa maneno.” Hiyo milio miwili ndiyo ambayo wanaume wengi huona haya kuitumia.

Kipimo nacho kina taabu zake. Picha haisemi urefu. Mstari uliopita chini ya dirisha waweza kuwa kwenye kimo cha goti au cha kifua, kutegemea jinsi simu ilivyoshikwa. Dawa ni kusimamisha karibu na ukuta kitu ambacho baba anakijua vizuri, kama jembe la nyumbani au dumu la mawese la lita 20. Ukuta usiopigwa lipu ni bora zaidi, kwa kuwa matofali huhesabika: “tofali la tano kutoka chini” ni kipimo kisichobishaniwa.

Ramani za kuchorwa kwa kidole zina kasoro ya jamaa hiyohiyo. Mgeni anayetafuta nyumba isiyo na namba hutumiwa mchoro wa njia: barabara kuu, msikiti, mwembe, kisha mshale. Mchoraji husahau kusema mgeni anatoka upande gani. Anayesafiri kutoka Bujumbura kuja Rumonge huwa na ziwa mkono wake wa kuume njia nzima. Anayetoka Nyanza-Lac huwa nalo mkono wa kushoto. Mshale usemao “pinda upande wa ziwa” utamfikisha kila mmoja wao, lakini usemao “pinda kulia” utampoteza mmoja, na pengine huyo ndiye aliyeitwa kuja kumpeleka mgonjwa hospitali.

Hayo ni makosa ya alama kutoeleweka na aliyekusudiwa. Yako makosa mabaya zaidi, ya alama kueleweka na asiyekusudiwa.

Watu wengi wanapotuma picha ya kioo cha simu kuthibitisha kwamba fedha zimefika, hupaka wino juu ya namba wanazotaka kuzificha. Wapo wanaotumia ile kalamu pana ya kupigia mstari maneno, na kuipitisha mara mbili tatu hadi waone weusi. Wino wa kalamu hiyo hupitisha mwanga. Mtu mwingine akiiongezea picha mwangaza, namba huweza kujitokeza chini yake kama ukuta wa zamani chini ya chokaa nyepesi. Anayetaka kuficha atumie rangi nzito isiyopenya, au bora zaidi aandike matokeo kwa maneno yake na kuiacha picha.

Hata kukata picha hakukuwa salama nyakati zote. Machi 2023 watafiti Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro katika chombo cha kuhariri picha cha simu za Pixel za kampuni ya Google. Picha iliyokatwa ilihifadhiwa juu ya ile ya kwanza, lakini mabaki ya ile ya kwanza hayakufutwa mwishoni mwa faili. Mwenye ujuzi aliweza kurudisha sehemu ya kile kilichodhaniwa kuwa kimetupwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa mwezi huohuo. Picha zilizokwisha kutumwa zilibaki kama zilivyo.

Kwa askari mwenyewe upo mfano ambao ungefaa kusimuliwa katika kila bweni. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kupima mbio na matembezi, ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa kwa nyayo za watumiaji wake: kila palipokimbiwa pakawa na mstari wa mwanga. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akawaonyesha walimwengu kwamba mahali pasipo na miji mistari hiyo ilichora umbo la kambi za kijeshi, pamoja na njia zilizozoewa na waliomo. Hakuna aliyekusudia kuchora kitu. Watu walikuwa katika mazoezi yao ya asubuhi, na saa za mikononi zikawachorea. Agosti ya mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwakataza watumishi wake kutumia vifaa vya kuonyesha mahali walipo wakiwa katika maeneo ya operesheni.

Mke wa askari anayepokea picha ya mumewe na wenzake, kisha akachora mshale juu ya kichwa cha mumewe ili majirani wamtambue, anafanya jambo la upendo. Lakini nyuma ya kichwa hicho pana lango, mnara na gari, na mshale huo utasafiri mbali kuliko ujirani. Picha ya namna hiyo na ikae nyumbani. Badala yake mtoto anaweza kuchora mtumbwi wenye taa tatu juu ya kioo kitupu na kumpelekea baba. Hakuna adui anayefaidika na mtumbwi wa kijani.

Iko njia moja ya mkato ambayo haina lawama, na dakika moja yatosha kuifanya. Ukibonyeza *#06# kama unayepiga simu, kioo huonyesha namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu yenye laini mbili kwa kawaida huonyesha namba mbili. Iandikwe kwenye daftari, si ndani ya simu hiyohiyo. Polisi anayeletewa habari ya simu iliyoibwa hupewa kitu cha kushika, kwani rangi ya kava hubadilishwa kwa dakika moja, na maelezo ya “ilikuwa nyeusi, ina ufa kidogo” yanafaa simu nusu ya zile zilizoko sokoni.

Masika yakipita na kiangazi kushika, ziwa hurudi nyuma na kuacha ukutani alama ya matope. Mama huisugua sakafu kwanza, kisha hulisimamisha jembe palepale aliposimamisha mara ya kwanza. Hupiga picha. Huchora mstari mwekundu, chini sana kuliko ule wa masika, na kando yake huandika kwa kidole tarehe na “tofali la kwanza.” Halafu huchora mwingine wa buluu mlangoni, kwa kuwa bawaba zimeoza. Anaituma, anaiweka simu dirishani, anarudi kwenye ndoo. Simu inalia mara moja, inanyamaza.