Akinyamaza baada ya AVC, si uvivu

Juma hili tunazungumza juu ya mgonjwa ambaye watu wanasema amekwisha kupona.

Mwenzetu mmoja wa likelemba alipatwa na AVC, ule ugonjwa wa ubongo unaopoozesha mwili. Mkono ulirudi, mguu ulirudi, tukamshukuru Mungu. Lakini miezi ilipita, naye akabaki kitandani mpaka jua liwe juu. Hakupika, hakutaka kuongea, alilia bila mtu kumkosea. Nyumbani walisema ni uvivu. Jirani walisema ametupiwa kitu. Sisi nasi, tukubali kosa, tuliacha kumtembelea.

Ule ulikuwa ugonjwa, na jina lake ni depresiyo. Ubongo ndio unaotunza usingizi, nguvu na furaha. Ukiumia, hivyo vyote vinaweza kuharibika. Ni vilevile kwa mtu aliyepigwa kichwa katika ajali ya moto. Huko Seattle, Marekani, waganga walifuata watu 559 walioumia kichwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: zaidi ya nusu walipatwa na depresiyo katika mwaka wa kwanza, na wengi wao hawakupata matunzo yake.

Sasa, kolesteroli inaingilia wapi? Ni mafuta yaliyo ndani ya damu. Mwili unayahitaji, na ini lenyewe linayatengeneza. Yakizidi, yanashika kuta za mishipa kama mafuta ya nyama yanavyoganda pembeni ya sufuria. Mshipa wa ubongo ukiziba, ndiyo AVC. Kolesteroli haiumi, kipimo cha damu tu ndicho kinaionyesha.

Mtu mwenye depresiyo hatembei, anakula ovyo, anaacha dawa. Hapo mafuta ya damu yanaweza kupanda tena, na AVC ya pili ikaja. Kwa hiyo, kutunza huzuni yake ni kulinda pia ubongo wake.

Tufanye nini?

Jikoni, tupunguze mafuta. Mawese hayana kolesteroli, kwa kuwa yanatoka kwa mti, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha kolesteroli ya damu. Sombe haihitaji kuelea ndani ya mawese. Maharagi, lengalenga na samaki wa kuchemsha vinafaa kuliko vitu vya kukaanga kila siku.

Huzuni ikipita majuma mawili, tumpeleke mgonjwa kwenye kituo cha afya, tumweleze munganga kwamba aliumia ubongo. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, vinavyotunza magonjwa ya akili. Tumuulize wazi kama mawazo ya kufa yanamjia, kuuliza hakuyaleti. Akisema ndiyo, tusimwache peke yake, tumpeleke siku ileile. Dawa alizoandikiwa asiziache bila munganga kusema.

Mwenzetu alipelekwa, akapewa dawa ya pili. Sisi tulipanga zamu: kila siku mmoja anakwenda kutembea naye mpaka kisimani na kurudi. Bado anaongea kidogo, lakini juzi alituuliza zamu ya likelemba ni ya nani.

Mkutano ujao, kila mama ataje mgonjwa mmoja tuliyemsahau. Tutaanza na huyo.