Gesi ya Kilwa Ilipita, Barabara Ikakatika

Mwaka 1981 Tanzania iliingia mara mbili katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Iliingia kwa Serengeti, na iliingia kwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mwaka mmoja, hadhi ile ile. Leo mtoto wa shule wa Ulaya anaijua Serengeti. Kilwa haijui hata Mtanzania aliyekulia Dar es Salaam, ingawa kutoka huko ni mwendo wa kilomita mia tatu tu na ushei.

Sitaki kusikia tena kwamba Watanzania hawapendi historia yao. Watu wataipendaje historia wasiyoweza kuifikia?

Zamani Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ya dhahabu ya bandari ya Sofala. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kupita yote aliyoiona. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alijenga Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia lenye birika la kuogea la pembe nane, kwenye jabali linalotazama bahari. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, na sarafu yenye jina la sultani huyo imeokotwa Zimbabwe Kuu, ndani kabisa ya bara. Kwa jahazi na kwa miguu ya wapagazi, fedha ya Kilwa ilifika huko. Sisi wenye katapila na wahandisi tunashindwa kumfikisha mgeni Kilwa msimu wa masika!

Mwaka 2004 UNESCO iliyahamishia magofu yale kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa kuta zilikuwa zinabomoka na bahari inaula ufukwe. Mwaka huo huo, 2004, gesi ya Songo Songo ilianza kutiririka kwenda Dar es Salaam kuwasha mitambo ya umeme. Songo Songo ni kisiwa cha wilaya ya Kilwa. Bomba lake lilitandikwa chini ya bahari, likapita nchi kavu, likavuka mito na mabwawa, zaidi ya kilomita mia mbili. Wakati gesi inapita, kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita sitini hivi, kilikuwa bado tope, na kilibaki tope kwa miaka, ingawa Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilikuwa limefunguliwa tangu 2003. Abiria walilala njiani. Malori ya korosho yalizama hadi ekseli. Kwa hiyo anayesema kusini kulikuwa hakupitiki anatudanganya. Palipitika kwa kilichotakiwa mjini.

Lami ilikuja hatimaye. Magofu nayo, baada ya mafundi na wakazi wa kisiwa kuyafanyia kazi, yakatolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2014. Tukapumua. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vikaikata barabara ile ile, Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam. Ukarabati ulikuja baada ya maafa, kama kawaida yetu. Tuta la chini na makaravati membamba kwenye nchi ya mabonde ya mito ni kumkaribisha mkandarasi arudi kila masika.

Wapo wanaouliza kwa nini tumwage mabilioni kwa watalii wachache. Swali hilo limepinda. Barabara ya Kilwa inabeba ufuta, korosho, samaki na wagonjwa wa rufaa. Mgeni anayekuja kuona Msikiti Mkuu anapanda basi lile lile. Gati salama la kuvukia Kisiwani analihitaji mtalii mzee, na analihitaji zaidi mama mjamzito wa Kisiwani anayevuka usiku kwa mashua kwenda hospitali. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayeshuka na meli ya kitalii asubuhi, akapiga picha na kurudi melini kula na kulala, amemponya nani? Mwenyeji hupona mgeni akilala Kilwa Masoko, akala pweza kwa mama lishe, akamlipa nahodha na muongozaji, kesho yake akaenda Kilwa Kivinje. Huyo haji kwa meli. Huyo anakuja kwa barabara, na akisikia imekatika anageuza Bagamoyo.

Waheshimiwa wabunge wa Lindi na Mtwara, bajeti ya ujenzi itasomwa tena Dodoma. Msiridhike na kuambiwa mchakato unaendelea. Ulizeni daraja moja baada ya jingine, kuanzia Somanga: limejengwa juu kiasi gani, litamalizika lini, fedha yake iko wapi. Na mkipewa maneno badala ya majibu, kamateni shilingi ya waziri, msiiachie.