Kitabu kinachohesabu risasi tu hakijatuandika

Sisi wa Kanyaruchinya tunaandikwa sana, lakini ni mara chache tunaulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli. Vitabu vingi juu ya vita vya Kongo vinarudia hesabu moja: watu milioni 5.4 walikufa kwa sababu ya vita kati ya 1998 na 2007. Hesabu hiyo ilitolewa na shirika la IRC mwaka 2008, na wataalamu wengine walisema imezidi. Lakini kosa kubwa ni la waandishi wanaoinakili bila kusema kwamba wengi wa marehemu hao hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo.

Hapa tulijionea. Mwisho wa 2022 wakimbizi kutoka Rutshuru walijaa juu ya mawe ya volkano, maji hayakutosha, kolera ikaingia.

Basi ndugu msomaji, ukipewa kitabu cha madini na bunduki toka mwanzo hadi mwisho, muulize mwandishi: maji walichota wapi? Choo kimoja kilikuwa cha watu wangapi? Asipojua, huyo alipita tu barabara ya Rutshuru, vioo vya gari vimefungwa.