Damu ya Mtu Asiye na Homa

Watu wengi hudhani kwamba mwenye malaria ni yule tu atetemekaye kitandani. Sivyo. Mahali palipozoea ugonjwa huu, mtu mzima aliyeugua mara nyingi aweza kuwa na vijidudu vyake damuni, naye analima na kwenda sokoni kama desturi. Haumwi, kwa hiyo hatafuti dawa. Lakini mbu aina ya anofelesi akimwuma huvinyonya vijidudu hivyo, na baada ya siku kumi hivi au zaidi aweza kumtia mtu mwingine. Pengine huyo ni mtoto mdogo wa nyumba ile ile, ambaye mwili wake haujapata nguvu ya kuvishinda. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa sababu hiyo wataalamu walifikiri kwamba haifai kungoja wagonjwa waje hospitalini, bali watu waendewe majumbani, wapimwe damu wote, wagonjwa na wazima, na kila aonekanaye na vijidudu apewe dawa. Jambo hili lilijaribiwa Siaya, magharibi ya Kenya, tangu 2013 hata 2015. Wapimaji walizunguka mara 3 kila mwaka kwa miaka 2. Hata hivyo, vijiji vilivyopimwa havikuonyesha nafuu iliyo dhahiri kuliko vile visivyopimwa.

Si vigumu kufahamu sababu. Kipimo cha tone la damu hakivioni vijidudu vikiwa vichache mno. Wako wasiokutwa nyumbani. Na penye mbu wengi, aliyeponywa huambukizwa tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba upimaji wa watu wote usitegemewe kupunguza maambukizo.

Lakini hayo hayana maana kwamba kupima ni bure. Huko Zanzibar, ambako malaria imepungua sana, mgonjwa mmoja akionekana, watu wa nyumba yake huendewa wakapimwa pia.

Basi mpimaji akibisha hodi, yafaa apokewe, na asiyeumwa asikatae kutobolewa kidole. Akionekana na vijidudu, ameze dawa yote mpaka iishe, ijapokuwa hasikii homa. Tena usiku ule ule watu wote wa nyumba walale ndani ya chandarua chenye dawa, kwani kupimwa leo hakumzuii mbu wa kesho.