Filta ya maji ya bure: Nani atanunua spea?

UKIFUNGUA mfereji pale Ruring'u, unapata maji yaliyosafishwa na NYEWASCO, kampuni ambayo mara kadhaa imeongoza orodha ya bodi inayosimamia huduma za maji nchini, WASREB. Unajaza glasi, unakunywa, maisha yanaendelea. Lakini panda matatu hadi Mweiga, kisha uingie vijijini Kieni, upande mkavu wa kaunti hiyohiyo. Huko kuna familia zinazotegemea mto, kisima au tangi la maji ya mvua. Na huko ndiko wengi wetu tuna shosho na binamu wadogo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuhara huua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka. Maji machafu ni mojawapo ya njia kuu za maambukizi. Ndiyo maana kugawa filta vijijini kunavutia wanasiasa, mashirika na hata makundi ya WhatsApp. Picha zinapigwa, zinawekwa Facebook, watu wanapongezana. Halafu?

Kenya tayari inajua kinachofuata. Mnamo 2011 kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa bure zaidi ya filta 800,000 za LifeStraw katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi. Gharama ilitarajiwa kurudi kupitia biashara ya hewa ya kaboni, kwa hesabu kwamba nyumba yenye filta haitateketeza kuni kuchemsha maji. Watafiti waliozuru nyumba huko miaka miwili hadi mitatu baadaye walikuta asilimia 19 tu zikitumia filta hizo. Matokeo yao yalichapishwa 2017.

Kabla uanze kulaumu watu wa ushago, fikiria kazi yenyewe. Wakati wa mvua mto huja na matope, nayo huziba matundu madogo yanayonasa vijidudu. Filta isiposafishwa mara kwa mara, maji yanadondoka polepole mno, na mama mwenye ng'ombe wa kukama na shamba la kulima hawezi kukaa akingoja. Mpira ukipasuka, duka la kijijini halina spea. Maji yaliyochujwa yakiwekwa kwenye mtungi mchafu, yanachafuka tena. Na mtoto akinywa maji safi nyumbani kisha ya mtoni akitoka shule, bado atahara.

Je, filta haina maana? La hasha. Ikitumiwa kila siku na kutunzwa, inanasa vijidudu vinavyosababisha kuhara. Klorini kama WaterGuard nayo ni rahisi kutumia, na huendelea kulinda maji yakiwa ndani ya mtungi. Ila lazima mtu ainunue kila inapoisha, na maji yenye matope huipunguza nguvu.

Kwa hivyo kabla hujatuma M-Pesa ya kumnunulia shosho filta, uliza. Nani ataisafisha? Spea zinapatikana Nyeri mjini, na kwa bei gani? Maji yake ni ya mto au ya kisima? Maana filta nyingi za nyumbani haziondoi chumvi wala floridi. Ukishajua, tenga pesa za spea tangu mwanzo, na ukienda kusalimia, angalia kama bado inatumika.

Swali la mwisho ni la kiongozi wako. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na huduma ya maji ni jukumu la kaunti. MCA akija kijijini na katoni za filta, mshukuru. Kisha umuulize bomba litafika lini, na kama limetengewa pesa katika bajeti ya mwaka huu.