Mshahara wa Mwalimu wa Chuo na Darasa la Mama



Wasomaji wetu watukufu, kila unapokaribia mwezi wa Septemba nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza huwa katika shughuli ya kuandikisha. Kijana aliyemaliza skuli akiwa na miaka 16 huenda chuoni kusomea ufundi wa umeme, hesabu za biashara au malezi ya watoto. Na mama aliyefika nchi hii karibuni hutafuta darasa la Kiingereza lililo karibu na nyumbani, lenye saa zisizogongana na saa za kuwachukua watoto. Kisha, mara nyingi kabla mwaka wa masomo haujafika nusu, husikika katika mji huu au ule kwamba walimu wa chuo wamepiga kura ya kugoma kwa sababu ya mishahara. Hapo maswali hutufikia, na baadhi yake huja na ghadhabu: imekuwaje watu wenye kazi nzuri ya kalamu wafunge darasa la mwenye kuosha vyombo hotelini? Tumeona ukurasa wa mwezi huu tuuweke kwa jambo hilo, kwani twaamini kwamba jambo lenyewe letu kuliko tunavyodhani.

La kwanza la kufahamu ni kwamba mwalimu wa chuo na mwalimu wa skuli, ijapokuwa wote twawaita walimu, hawako katika hali moja. Hadi mwaka 1993 vyuo vya aina hii katika Uingereza vilikuwa chini ya halmashauri za mitaa. Tarehe 1 Aprili 1993, kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, vilitolewa huko vikafanywa kila kimoja shirika lenye bodi yake, akaunti yake na madeni yake. Kabla ya hapo palikuwa na mapatano ya nchi nzima juu ya saa za kufundisha na siku za likizo, na kwa rangi ya jalada lake walimu waliyaita Kitabu cha Fedha. Baada ya hapo walimu wakaletewa mikataba mipya, chuo kwa chuo, yenye saa nyingi zaidi na likizo chache zaidi. Na aliyekataa kutia saini alibaki na masharti yake ya zamani lakini akanyimwa nyongeza ya mshahara mwaka baada ya mwaka. Migomo mingi ya miaka ya tisini katika vyuo ilitoka hapo.

Mpango uliotokana na mabadiliko hayo ndio uliozaa tatizo. Vyama vya walimu, ambavyo kikubwa chao tangu 2006 ni University and College Union, yaani UCU, huketi na umoja wa vyuo wakajadiliana juu ya nyongeza. Umoja huo hutoa pendekezo. Lakini pendekezo halimfungi mtu: kila chuo chaweza kulifuata, kulipunguza au kuliacha. Basi hutokea walimu wa vyuo viwili vilivyo mwendo wa basi moja, wenye shahada moja na kazi moja, mmoja akapata nyongeza na mwenziwe asipate kitu.

Jamaa zetu waliotoka Kenya hawatalistaajabia jambo hili. Mwezi Oktoba 1997 walimu wa skuli huko waligoma, na serikali ikakubali kuwaongeza baina ya asilimia 150 na 200 kwa awamu za miaka mitano. Awamu ya kwanza ikalipwa, kisha serikali ikasita; walimu wakarudi kwenye mgomo mwaka 1998, na tena mwaka 2002, wakidai kile kile kilichokwisha kuandikwa. Kuahidiwa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine.

Tuziangalie hesabu. Taasisi ya utafiti ya Institute for Fiscal Studies ilikadiria kwamba katika mwaka wa 2022-23 mwalimu wa chuo wa daraja la kati katika England alipata kama pauni 34,500, hali ya kuwa mwalimu wa skuli wa daraja hilo alipata kama pauni 41,500. Taasisi hiyo hiyo ilieleza kwamba, ukiondoa kupanda kwa bei, mshahara wa mwalimu wa chuo ulikuwa umeshuka kwa kama asilimia 18 tangu 2010-11. Matokeo yake yaonekana mlangoni: kama robo ya walimu wapya wa vyuo huondoka baada ya mwaka mmoja, na wanaobaki baada ya miaka kumi hawafiki robo. Fundi umeme aliyefundisha chuoni aweza kurudi kwenye majengo akapata zaidi, naye hurudi. Kijana wetu aliyeanza na mwalimu mmoja mwezi Septemba humaliza na wa tatu mwezi Juni, akaambiwa yeye ndiye hakusoma kwa bidii.

Hapa msomaji aweza kuuliza: lakini nani aliyewakata mshahara? Karatasi ya malipo yaonyesha fedha zile zile, pengine na pauni kidogo juu. Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo linalowafanya watu wengi wasiwaelewe walimu. Mshahara hukatwa kwa njia nyingi, na ile ya kuandika nambari ndogo kuliko ya mwezi uliopita ndiyo adimu.

Njia ya kwanza ni kimya. Tuseme bei za vitu zapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka na mwalimu huongezwa asilimia 1. Mwaka wa kwanza hahisi sana. Ikienda hivyo miaka mitano, pauni 100 za mshahara wake zitakuwa na nguvu ya kununua kama pauni 86 tu. Kila mama anayenunua mfuko wa mchele na chupa ya mafuta aijua hesabu hii bila ya kufundishwa.

Njia ya pili ni saa. Mwalimu aliyefundisha saa 23 kwa wiki aambiwa afundishe 26 kwa mshahara ule ule. Kwa kila saa ya darasani amepoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi, na kusahihisha madaftari kumebaki usiku nyumbani kwake.

Njia ya tatu ndiyo tunayoiona mbaya kuliko zote, kwa kuwa huwagawa watu. Waliopo huachwa na masharti yao, na wanaokuja huandikiwa mengine. Mwaka 2014 walimu wa Lambeth College, kusini mwa London, waligoma kwa wiki kadhaa juu ya mkataba wa walimu watakaoajiriwa kuanzia Aprili mwaka huo: likizo chache zaidi, malipo ya ugonjwa pungufu, saa nyingi zaidi. Tafadhali zingatieni kwamba waliogoma hawakuwa wakiguswa wao. Mkataba wao haukubadilishwa siku ile. Waliacha mshahara wao wa wiki hizo kwa ajili ya watu ambao bado hawajafika.

Na iko njia ya nne, ya kuwafuta walimu wenye kazi za kudumu na kuwaita wengine kwa saa. Miongoni mwetu wapo wanaofundisha Kiingereza au hesabu kwa mtindo huo, nao wajua maana yake: saa ikifutwa na malipo yamefutwa, na mwezi wa Agosti ni mwezi usio na mshahara.

Ama habari inayotugusa sisi zaidi ni ya Tower Hamlets College, mashariki mwa London, mwaka 2009. Mtaa ule ni wa wahamiaji, na Waislamu ni wengi mno. Chuo kilitangaza kupunguza walimu na kupunguza madarasa ya Kiingereza kwa wenye lugha nyingine. Walimu wanachama wa UCU walianza mgomo usio na kikomo tarehe 27 Agosti, katika siku za mwanzo za Ramadhani, na mgomo ukaendelea kwa muda wa kama wiki nne, mpaka Idi ikapita. Mgomo wa namna hiyo ni nadra katika elimu ya nchi hii. Kwa kawaida walimu hugoma siku moja au mbili kisha hurudi. Kwa mwalimu, wiki nne ni mshahara wa mwezi mzima. Mwisho wake hakuna aliyefukuzwa kwa lazima, ingawa wapo waliokubali kuondoka kwa hiari, na madarasa hayakubaki yote kama yalivyokuwa.

Hatutaki kusema kwamba walishinda kila kitu. Twataka kusema kwamba yale madarasa waliyoyapigania yalikuwa ya watu kama sisi. Madarasa ya Kiingereza yalikuwa bure kwa wengi hadi 2007, kisha serikali ikaanzisha ada kwa wasiopokea misaada maalumu. Na baina ya 2009-10 na 2015-16 fedha za serikali kwa masomo hayo katika England zilipungua kwa zaidi ya nusu. Katika miaka yote hiyo wanasiasa hawakuacha kuhubiri kwamba wahamiaji wajifunze Kiingereza. Watu wa London mashariki waliokuwa wakisimama kwenye orodha za kungojea nafasi walisikia hotuba hizo pia.

Haki yataka tuusikilize na upande wa pili. Wakuu wa vyuo husema hawana fedha, na kwa sehemu kubwa hawasemi uongo. Fedha kwa kila mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 chuoni zilishuka kwa kama asilimia 14 kwa thamani halisi baina ya 2010-11 na 2019-20. Mkuu wa chuo aliyepewa sufuria ndogo hawezi kupakua sinia kubwa. Lakini twaona tofauti baina ya mkuu anayefungua vitabu vya hesabu mbele ya walimu akasema, “hiki ndicho kilichopo, tugawane vipi?”, na yule anayejenga ukumbi mpya wa kioo, akaajiri mameneja, kisha akawaambia walimu hakuna. Chama cha walimu kina haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, na sisi tunaowapeleka watoto wetu tuna haki hiyo hiyo.

Wengine katika sisi waogopa neno lenyewe, mgomo, wakaliona ni la fujo lisilomfaa Mwislamu mgeni katika nchi ya watu. Wazee wetu wa pwani hawakuliogopa. Mwezi Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima, na mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini Unguja wakafanya hivyo hivyo hadi mgomo ukaenea mjini. Walidai ujira unaotosha chakula na kodi ya nyumba. Na katika dini yetu habari ya ujira wa mfanyakazi na jasho lake haihitaji sisi kuwakumbusha.

Hata hivyo hatufichi kwamba mgomo huumiza, na huwaumiza zaidi wasio na kitu. Mama aliyemlipa jirani amtazamie mtoto, akapanda mabasi mawili, akakuta lango lina watu wenye mabango, amepata hasara ambayo haitarudi. Kijana mwenye mtihani mwezi Mei hawezi kuambiwa tu avute subira. Twawashauri walimu, na wamo baina ya wasomaji wetu, wasiridhike na karatasi za Kiingereza kizito zilizobandikwa ukutani. Watangulie kuwaeleza wanafunzi wao mapema, kwa maneno mepesi, siku gani darasa halitakuwapo na kwa nini. Mwanafunzi aliyeelezwa husimama pamoja nao. Aliyeshtukizwa hukasirika, na ana haki.

Kwa upande wetu, haya ndiyo tunayoweza kuyafanya. Mkisikia habari ya mgomo chuoni kwenu, ulizeni kwanza kilichosababisha: ni mshahara, ni saa, ni mkataba wa wapya, au ni kufungwa kwa madarasa? Mwenye kibali cha kukaa kinachotegemea masomo yake aulize chuo kwa maandishi jinsi mahudhurio ya siku za mgomo yatakavyoandikwa, na ahifadhi jibu. Barua ya wazazi kwa bodi ya chuo, na nakala kwa mbunge wa eneo, ina uzito hata ikiwa na saini kumi. Ikiandikwa kwa mkono na kwa Kiingereza cha kawaida, huenda ikasomwa kuliko ile iliyopigwa chapa na chama. Wale wetu wanaofundisha kwa saa nao wajiunge na chama, kwa kuwa sheria ya 2016 ilidai nusu ya wanachama wapige kura ndipo mgomo uwe halali, na vyuo kadhaa vilishindwa kwa uchache wa bahasha zilizorudishwa kwa posta hali ya kuwa wengi wa waliopiga walikubali.

Na mtakapokwenda kuandikisha, kabla ya kutia saini fomu, muulizeni aliyeketi mezani mambo mawili: mwalimu wa darasa hili ameajiriwa kwa mwaka mzima au kwa saa, na mwaka jana darasa hili lilibadilisha walimu wangapi. Huenda asiwe na jibu hapo hapo. Mwacheni aende akaulize.

Wabillahi tawfiq.