Mngurumo si nguvu

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, niingie chini ya boneti. Msikimbie! Gari la siku hizi ni tarakilishi yenye magurudumu, na ninayotaka kusema yanamhusu mwandishi wa programu sawa na yanavyomhusu mwenye gari.

Mada ni lile bomba linalong'aa lenye chujio la hewa la umbo la koni. Vijana wengi hulinunua na kulifunga wenyewe nyumbani, badala ya boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari. Ahadi za muuzaji huwa tatu: gari litapata nguvu, litakunywa petroli kidogo, na litanguruma. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ahadi ya tatu ni kweli tupu. Hizo mbili za kwanza, kwa gari la kawaida lisilo na turbo, usizilipie mpaka uzione kwa tarakimu. Na tarakimu zenyewe unazo tayari, zimo ndani ya gari lako.

Sipingi mtu kujifungia vifaa mwenyewe. La hasha! Natamani kila mwenye gari ajue spana namba 10 inafungua nini. Ninachopinga ni kubadilisha kitu bila kupima kabla na baada, kisha kuyaamini masikio.

Hewa inahesabiwaje?

Injini haichomi petroli peke yake, inachoma petroli na hewa kwa uwiano maalumu: takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kwa hivyo tarakilishi ya injini (mafundi huiita kontroli boksi) ni lazima ijue kila wakati ni gramu ngapi za hewa zinaingia. Magari mengi hutumia sensa ya hewa (si ile ya kuhesabu watu jamani!). Ni waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme ndani ya mkondo wa hewa. Hewa ikipita kwa wingi waya unapoa, na umeme zaidi unahitajika kuurudisha kwenye joto lake. Tarakilishi inasoma umeme huo, inatazama jedwali lililoandikwa kiwandani, na kupata gramu kwa sekunde.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Waya huo hauoni hewa yote. Unaonja sehemu ndogo tu ya mkondo, halafu jedwali linakadiria iliyobaki kwa kutegemea upana wa bomba la kiwandani. Ukibadilisha upana wa bomba, jedwali linaanza kusema uongo ingawa hakuna kilichovunjika.

Mwandishi yeyote wa programu anaijua hatari hii. Mnamo Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya pauni, na nyingine ikazisoma kana kwamba ni vya niutoni. Hakuna programu iliyokwama. Namba zilipita salama, ila maana yake ilikuwa imebadilika njiani. Chujio la koni linaweza kulifanyia gari lako jambo hilo hilo, ingawa kwa kiwango kidogo.

Milimita 3 tu

Jirani yangu mmoja huendesha teksi za kuitwa kwa simu. Gari ni la cc 1,500, na mkopo wa sacco bado anaulipa, kwa hivyo siku gari likilala, naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Dukani aliambiwa bomba jipya litamwongezea nguvu za farasi 15 na kumpunguzia petroli. Kwa mtu anayejaza tangi karibu kila siku, hiyo ya pili ilimwingia moyoni. Alinunua, ndipo akaniita tusaidiane kufunga.

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, nilichomeka kifaa kidogo cha ELM327 kwenye soketi ya OBD iliyo chini ya usukani, nikaunganisha simu kwa Bluetooth. Kifaa hiki ni rahisi mno ukikilinganisha na bomba lenyewe. Unakiuliza swali kwa namba, kinajibu kwa namba. Niliuliza mambo mawili.

La kwanza lilikuwa joto la hewa inayoingia, tukiwa kwenye foleni ya Thika Road. Jibu: 41 0F 4A. Hiyo 4A ni 74. Toa 40, unapata nyuzi 34.

La pili lilikuwa sahihisho la muda mrefu la petroli, yaani asilimia ambayo tarakilishi inaongeza au kupunguza juu ya hesabu ya jedwali baada ya kusikiliza sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Jibu: 41 07 83. Hiyo 83 ni 131. Gawanya kwa 1.28, toa 100, unapata kama asilimia 2.3. Gari zima kabisa.

Tulipofungua, nilipima kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa. Bomba la zamani lilikuwa na milimita 60, jipya 63. Milimita 3 utasema si kitu. Lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, na 63 ikigawanywa kwa 60, kisha mara yenyewe, ni 1.10. Njia ya hewa imepanuka kwa asilimia 10. Hewa ile ile itapita polepole zaidi mbele ya waya, na waya utaripoti hewa pungufu.

Baada ya wiki moja ya kazi niliuliza tena. Sahihisho la petroli: 41 07 90, yaani asilimia 12.5. Lilikuwa limepanda kwa takriban asilimia 10, karibu sawa na hesabu ya milimita 3. Tarakilishi ilikuwa inalalamika kimyakimya kwamba sensa inaona hewa kidogo kuliko iliyopo, kwa hiyo inalazimika kuongeza petroli kila wakati ili uwiano urudi 14.7.

Je, petroli aliyookoa? Daftari lake la kilomita na lita lilionyesha hali ni ile ile. Na haingewezekana vingine, kwa sababu kazi ya sahihisho ni kurudisha petroli pale ilipokuwa. Kibaya zaidi, ukikanyaga mafuta hadi mwisho, tarakilishi nyingi huacha kuifuata sensa ya oksijeni na kutegemea jedwali pamoja na kile ambacho zimejifunza. Huo ndio wakati injini ina joto na mzigo mkubwa, na ndio wakati ambapo hesabu mbaya ya hewa ina madhara makubwa.

Joto nalo? Foleni ile ile, saa zile zile: 41 0F 64. Hiyo 64 ni 100. Toa 40, nyuzi 60! Boksi la zamani lilikuwa likivuta hewa ya nje kupitia mdomo ulio mbele karibu na taa, ilhali koni ilikuwa inavuta hewa iliyochemka kando ya injini. Kutoka nyuzi 34 hadi 60, hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 8. Yaani alilipa ili apate hewa zaidi, akauziwa hewa nyepesi.

Alirudisha boksi lake jioni hiyo hiyo. "Lakini kijana wangu," akaniambia, "ile sauti ilikuwa tamu." Sikubishana naye. Ilikuwa tamu kweli.

Nairobi si Mombasa

Kuna hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama kilopaskali 83, ilhali Mombasa ni kama 101. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 18 ya hewa yake kwa sababu tu iko Nairobi. Hakuna chujio linaloweza kuirudisha, hata lipakwe rangi gani. Chujio haliongezi presha. Kazi kubwa linayoweza kufanya ni kupunguza kizuizi kilichokuwepo.

Kizuizi hicho nacho kinapimika. Gari langu lina sensa ya presha kwenye njia ya kuingizia hewa. Ukiwasha swichi bila kuzungusha injini, sensa hiyo inasoma presha ya nje: 83. Nikiwa gia ya pili kwenye barabara tupu, nimekanyaga mafuta hadi mwisho na injini iko kwenye mizunguko 5,500, inasoma 80. Tofauti ni 3. Hiyo ndiyo hasara yote ya chujio, boksi, mabomba na mlango wa hewa kwa pamoja. Ningeng'oa kila kitu injini ivute hewa bure, ningepata kwa makadirio asilimia 3 na nusu. Kwa injini inayotoa farasi 90 hapa Nairobi, hao ni farasi 3. Wale 15 wa dukani wangetoka wapi?

Usisahau vumbi

Barabara zetu nyingi nje ya mji ni za udongo, na ndani ya vumbi kuna chembe za mchanga ngumu kiasi cha kukwaruza kuta za silinda na ringi za pistoni. Chujio zuri hupimwa kwa mambo matatu: linazuia hewa kiasi gani, linanasa vumbi kiasi gani, na linabeba vumbi kiasi gani kabla ya kujaa. Upo utaratibu wa kimataifa wa vipimo hivyo, ISO 5011. Muuzaji akikutajia jambo la kwanza pekee, muulize hayo mawili. Ukikosa jibu, kumbuka kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Bado unalitaka?

Sawa, gari ni lako. Ukiipenda sauti, nunua sauti, mradi ujue ndicho ulichonunua. Na kama gari lako ni la turbo na unapanga kuandikiwa upya jedwali la tarakilishi na fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu, hapo bomba jipya lina nafasi yake kwa sababu jedwali litalingana nalo. Kwa atakayejifungia nyumbani, huu ndio utaratibu ninaoushauri:

1. Pima kwanza: joto la hewa, sahihisho la petroli, na kilomita kwa lita kwa angalau matangi mawili. Andika. Jaribu kifaa kabla ya kukitegemea, maana magari ya zamani ya soko la ndani la Japani yanaweza kukataa baadhi ya maswali.

2. Pima kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, kwenye bomba la zamani na jipya. Visipolingana, rudisha bomba dukani kabla hujalichafua.

3. Acha injini ipoe. Toa waya wa hasi wa betri. Plagi ya sensa ibonyeze kwenye kishikio chake, usivute nyaya.

4. Sensa ishike kwenye kishikizo chake cha plastiki, usiguse waya wa ndani. Ukiirudisha, hakikisha mshale unaelekea injini.

5. Ule mpira mdogo wa kupumulia injini uunganishe tena. Ukiachwa wazi baada ya sensa, hewa isiyohesabiwa itaingia, na taa ya injini inaweza kuwaka kwa kodi P0171.

6. Kama chujio ni la pamba ya kupakwa mafuta, paka kidogo. Yakizidi yanaweza kufika kwenye waya wa sensa.

7. Kaza klipu zote, na uhakikishe bomba haliko karibu na feni, mkanda wala ekzosi.

8. Endesha siku kadhaa ndipo upime tena, kwa sababu kutoa betri hufuta masahihisho mengi yaliyohifadhiwa. Sahihisho likipita asilimia 10, kuna kitu hakiko sawa.

9. Boksi la zamani usilitupe wala usiliuze.

Haya yote yanafanyika uwanjani kwako kwa spana chache na bisibisi, na ndiyo maana nayapenda. Kinachonikera ni kwamba gari lina vihesabio vyake vyote tayari, vinazungumza lugha iliyo wazi, lakini tunaendelea kununua kwa kusikiliza ekzosi ya mwenzetu. Kwa tajiri hilo ni mchezo wa Jumamosi. Kwa dereva mwenye mkopo wa sacco, wiki moja ya gari linalohesabu vibaya ni pesa za chakula na karo.

Kwa hivyo kabla ya bomba, nunua kifaa cha kusomea. Pengine baada ya kukitumia utagundua kwamba unachohitaji ni chujio jipya la kawaida, lile la karatasi, ndani ya boksi lako lile lile jeusi.